Mkia wa Treni ya Mlelwe

Kinondoni, Machi 14, 1953. Jumamosi.

Kosa wanalofanya watu wengi treni inapopita ni kuitazama injini. Moshi, mlio, dereva aliyetoa kichwa dirishani: macho yote huko. Injini ikishapita wanageuza shingo na kwenda zao. Mimi nimefanya kazi ya stesheni miaka ishirini na tisa kabla ya kustaafu, na jambo la kwanza nililowafundisha makarani wangu lilikuwa kutazama nyuma. Behewa la mwisho, kwa kawaida la gadi anayelinda treni, hutundikwa taa nyekundu. Ukiiona, unajua treni imepita yote na haikuacha kitu njiani. Ndipo unapopiga simu stesheni ya nyuma kwamba njia ni wazi, waachie treni nyingine. Usipoiona, hupigi, hata kama injini imepita ikiimba.

Naeleza haya mwanzoni mwa daftari jipya kwa sababu leo nimecheka sana juu ya jambo hilo hilo. Jirani yangu Hatim Bandali, muuza misumari na vitasa, ana ghala nyuma ya duka lake, na humo tumejenga reli ndogo juu ya mbao zilizolazwa kwenye mapipa. Injini ni ya kutiwa ufunguo kama saa. Shemeji yake alimletea kutoka ng'ambo kabla ya vita. Mabehewa ni kazi ya fundi bati wetu, Mwinshehe, huyakata kwenye madebe ya mafuta ya taa. Kila siku saa kumi na moja jioni tunakutana. Hatim anakaa mwisho mmoja tuliouita Ubungo, Mwinshehe anakaa mwisho wa pili, Mwananyamala, nami nakaa katikati, Kinondoni. Sheria ya mezani ni ile ile ya kazini: hakuna anayeachia treni mpaka wa mbele aseme, "Mkia nimeuona." Taa zetu za mkia ni shanga nyekundu.

Leo mke wa Hatim, Rubabbai, alichungulia mlangoni na sinia la chai. "Wazee wazima," alisema, "wajukuu wanaomba hicho kitu mnawanyima."

"Mama," Mwinshehe akamjibu, "Serikali haijatuletea reli Kinondoni. Tumejiletea wenyewe. Wajukuu wakate tiketi."

Machi 17, Jumanne.

Mawingu mazito upande wa baharini. Hayakunyesha.

Machi 19, Alhamisi.

Ansbert yuko mapumzikoni, alikuja mezani. Huyu ni karani wa stesheni ndogo ya Mlelwe, mwendo wa saa tatu kwa treni kutoka hapa mjini. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi, na hata sasa ana watoto watatu bado ananiita Mwalimu. Tulimpa kiti changu. Anaendesha kwa haraka kuliko sisi, na macho yake ni mepesi. "Mkia nimeuona," anasema, kabla hata sauti ya magurudumu haijafa.

Mwinshehe akamtania: "We unauona mkia au unaunusa?"

"Nauona, fundi. Wewe miwani yako umeifanya ya debe."

Mvua ya kwanza imenyesha tulipokuwa tunafunga ghala. Masika imeingia.

Machi 24, Jumanne.

Mvua siku ya sita. Kuna habari mbaya mjini: ajali ya reli karibu na Mlelwe, Jumapili jioni. Sijui zaidi.

Machi 26, Alhamisi.

Sasa najua. Ansbert amerudi, amesimamishwa kazi. Alinikuta barazani, nguo zimemlowa, akakataa kukaa.

Jumapili, saa kumi na mbili na nusu jioni, katika mvua, treni ya mizigo ilipita Mlelwe bila kusimama. Ansbert akapiga simu stesheni ya nyuma, Kisewe, kwamba njia ni wazi. Kisewe wakaachia gari dogo la vibarua wa njia waliokuwa wanarudi kambini. Katikati ya pori walikuta mabehewa mawili ya mbao yamesimama relini. Yalikuwa yamekatika kutoka kwenye treni ya mizigo. Wanne wameumia. Mmoja, Marijani, nyapara wa vibarua, amekufa.

"Mwalimu," Ansbert alisema, "taa niliiona."

"Ungewezaje kuiona, na mkia umebaki porini?"

"Sijui. Niliiona. Nyekundu, nyuma ya behewa la gadi."

Nilimwambia akae, anywe chai. Akasema Jovina anamngoja, akaondoka katika mvua ile ile. Uchunguzi utakuwa tarehe ishirini na mbili mwezi ujao. Akionekana ametoa njia bila kutazama, haishii kufukuzwa kazi, mtu amekufa. Atapelekwa mahakamani, na mahakama itamfunga.

Machi 28, Jumamosi.

Hatim ana jamaa anayewapelekea vifaa watu wa reli, amesikia zaidi. Katika mabehewa yale mawili yaliyogongwa, kwenye la nyuma kabisa, wameokota taa nyekundu, kioo kimevunjika lakini utambi umeungua. Kwa hiyo taa ilikuwako, na ilikuwa huko porini. Gadi wa treni naye ameapa kwamba Kisewe waliongeza mabehewa hayo mawili nyuma ya behewa lake, na taa ikahamishiwa nyuma kabisa kama sheria inavyotaka.

Hatukuendesha treni. Mwinshehe alikaa akiikunja na kuikunjua kulabu ya behewa.

"Basi hakuiona," Hatim akasema.

Sikujibu. Lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kujibu. Nilimkumbuka akisema "mkia nimeuona" kabla magurudumu hayajanyamaza.

Machi 30, Jumatatu.

Nimeletewa barua na mkaguzi wa reli. Kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha Ansbert, ananiomba niandike ninavyomfahamu kikazi, kwa ukweli.

Aprili 1, Jumatano.

Nimeandika usiku na mchana barua ya kurasa mbili, nikaichana, nikaandika ya nusu ukurasa. Nimesema ni mwaminifu, mwenye bidii, hanywi. Nimesema pia kwamba tangu alipokuwa mwanafunzi ana haraka, na mara nyingine hutamka jambo kabla hajalihakikisha. Nimetia sahihi, nikaipeleka posta mwenyewe, mwavuli mkononi. Njiani nilijiambia kwamba ukweli hauna upendeleo.

Aprili 5, Pasaka.

Kanisani Jovina alinisalimu, "Shikamoo baba," akapiga goti kidogo kama kawaida ya kwetu Bukoba, watoto nyuma yake. Akaniambia Ansbert halali. Kisha akasema, "Lakini wewe uko, baba. Wewe watakusikiliza."

Nikasema, "Tumwombe Mungu."

Aprili 6, 7, 8.

Mvua. Mvua. Bonde la kuelekea Mwananyamala limejaa maji, Mwinshehe amekuja kwa kuvua viatu na kukunja suruali.

Aprili 9, Alhamisi.

Ansbert alikuja mezani. Hatukumtarajia. Hatim alimwondokea kiti haraka mno, kama mtu anavyomwondokea mgeni wa msiba. Tukazungumza kuhusu bei ya bati na kuvuja kwa mapaa, mambo ambayo hatuyazungumzi kamwe mezani.

Mwinshehe, ili kumfurahisha, akasema, "Njoo ukae Kinondoni, karani. Hatim, achia."

Hatim akaachia. Treni ikazunguka kona ya nyuma, pale inapopita magunia ya saruji yanayoizuia isionekane, ikatokea, ikapita mbele ya Ansbert.

"Mkia nimeuona," akasema. Polepole safari hii.

Nami, bila kukusudia, niliinama nikatazama. Kitambo kidogo tu, kwa jicho la pembeni. Shanga nyekundu ilikuwa pale pale inapotakiwa. Nilipoinua kichwa Ansbert alikuwa ananitazama mimi, si treni.

Akainuka. "Asanteni kwa chai," alisema, na chai ilikuwa bado haijaletwa.

Alipotoka, Mwinshehe alinigeukia. "Mzee Leodegar, ungempiga kofi angalau angelia."

Aprili 11.

Sikwenda ghalani.

Aprili 13.

Wala leo. Kokushubila, mke wangu, ameniuliza kama tumegombana kule kwenye vidude vyetu. Nikamwambia mvua. Akasema, "Mvua haijakuzuia tangu mwezi uliopita."

Aprili 16, Alhamisi.

Nimeota taa nyekundu. Sipendi kuandika ndoto, naandika hii kwa kuwa ndani yake nilikuwa mimi ndiye niliyekaa Mlelwe.

Aprili 18, Jumamosi.

Leo nitaandika kwa kirefu.

Nilikwenda ghalani kwa sababu Hatim alikuja kunichukua mwenyewe. Mwinshehe alikuwa ameleta mabehewa mawili mapya ya kubebea mbao, mazuri, amekata vijiti vya mbao akavifunga kwa waya juu yake. Alikuwa na furaha ya mtoto. Hatim akayachukua kwenda nayo Ubungo kwake, akayaunga, akatia ufunguo. Sisi wawili tuliokuwa mbele hatukuona alivyoyaunga.

"Inakuja, Mzee!"

Treni ikaingia nyuma ya magunia ya saruji, ikatoka, ikapita mbele yangu. Injini. Behewa la mafuta. Behewa la abiria. Behewa la gadi, na nyuma yake shanga nyekundu ikining'inia. Niliitazama shanga hiyo kama ninavyolitazama daftari hili.

"Mkia nimeuona," nikasema.

Kisha Mwinshehe akaanza kucheka mpaka akajishika mbavu. "Bwana Stesheni! Miaka ishirini na tisa!"

Hatim akasema kwa mshangao, "Mzee, umeuona mkia upi?"

Nikainuka, nikazunguka magunia. Pale konani mabehewa mawili mapya yalikuwa yamesimama relini. Kulabu ya bati laini ilikuwa imefunguka. Na nyuma ya behewa la mwisho kulikuwa na shanga nyekundu.

Shanga mbili. Hatim aliyaunga mabehewa mapya nyuma ya behewa la gadi, akatundika shanga mpya mwisho, kama inavyotakiwa. Ile ya zamani hakuitoa. Kwa nini aitoe? Karibu na mkono wake kulikuwa na shanga nyingine kwenye kopo, ilikuwa rahisi kuchukua mpya kuliko kuifungua ile iliyofungwa kwa uzi.

Mwinshehe aliacha kucheka aliponiona nimeshika ukingo wa meza.

"Vipi?"

"Kisewe," nikasema. "Waliongeza mabehewa mawili katika mvua. Kupanda nyuma ya behewa la gadi kufungua taa inayowaka ni kazi, na taa nyingine ziko hapo hapo stesheni. Wakatundika nyingine." Nikanyooshea kidole mabehewa mawili mapya. "Mabehewa yakakatika. Ansbert aliona taa. Aliiona, Mwinshehe. Na porini ikaokotwa taa."

Hatim akasema, "Gadi ameapa iliyohamishwa ni ile ile moja."

"Gadi anaogopa kifungo kama Ansbert."

"Basi ni neno lake na neno la Ansbert. Na wewe una shanga."

Hapo tukakaa sote. Nilijiona mtu mzima aliyekwisha kupeleka neno lake posta kwa miguu yake, upande wa gadi.

Mwinshehe ndiye aliyeona njia. Nimemdharau mara nyingi kwa mizaha yake, nakiri hapa. Alichukua kopo la chai, akaligeuza juu chini, akalitazama kitako. "Taa hiyo ya porini," akasema, "nani ameigeuza?"

"Kuigeuza kwa nini?"

"Mie nimetengeneza taa za reli miaka miwili wakati wa vita, karakana. Kila taa ina chapa kitakoni. Za stesheni zinapigwa herufi za stesheni, za behewa la gadi zinapigwa namba ya behewa. Ili zisiibwe. Tuliziba vitako kwa madini ya risasi, tukarudishia chapa." Akagonga kitako cha kopo. "Kama gadi alihamisha taa yake, ile ya porini ina namba ya behewa lake. Kama ina herufi za Kisewe, basi yake haikuhama. Ilibaki kwenye behewa, ikapita Mlelwe."

Aprili 20, Jumatatu.

Nimekwenda ofisi ya mkaguzi. Hayuko, yuko njiani hadi Jumatano. Karani wake akasema taa imefungwa kwenye sanduku la ushahidi, haiguswi. Nikaomba barua yangu. Akatabasamu, "Barua ikishapokelewa, Mzee, si yako tena."

Sikumwambia Ansbert. Nimpe tumaini juu ya kitako cha taa ambacho hakuna aliyekiona? Je, kama Mwinshehe amekosea? Nimekaa kimya kwa uangalifu, na sijui tena kama uangalifu wangu ni wema au ni woga.

Aprili 22, Jumatano.

Mvua ilikuwa inapiga bati la chumba cha uchunguzi mpaka watu wakasema kwa kupaza sauti. Mezani Wazungu watatu, na mkalimani. Ansbert alisimama peke yake, kofia mkononi. Jovina alikuwa nje chini ya upenu na mtoto mdogo mgongoni. Mimi, Hatim na Mwinshehe tulikaa benchi la nyuma, Hatim amepakata kikapu cha sokoni.

Gadi alisema aliyoyasema. Kisha mkaguzi akachukua karatasi ya nusu ukurasa, akasoma, na mkalimani akatafsiri neno kwa neno: "Mara nyingine hutamka jambo kabla hajalihakikisha." Akataja jina la aliyeandika.

Ansbert hakugeuka. Niliona shingo yake tu, jinsi ilivyokazana.

Nikanyanyuka kabla sijaitwa. Nikasema kwa Kiingereza, ili nisimpe mkalimani nafasi ya kunilainisha: mimi ndiye mwandishi wa barua hiyo, na maneno hayo yananihusu mimi kuliko yeye, maana niliyaandika kabla sijahakikisha. Naomba kuonyesha jambo.

Mzee mmoja kati ya wale watatu akaangalia kikapu. "Hicho ni nini?"

"Treni, bwana."

Watu wakacheka. Hatim akapanga reli mezani kwao, kipande kwa kipande. Nikatundika shanga mbili. Nikasukuma treni nyuma ya rundo la majalada, kulabu ikafunguka, nusu ikatokea upande wa pili na shanga yake nyekundu. Hakuna aliyecheka tena.

Gadi akasema, "Hiyo ni michezo ya watoto. Taa ilikuwa moja."

"Basi taa igeuzwe," nikasema.

Mkaguzi akafungua sanduku. Taa ilikuwa imebonyea, ina tope la siku ile bado. Akaigeuza. Akatoa leso, akafuta kitako, akainamia. Mwinshehe alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu kama koleo.

Mkaguzi akasoma herufi moja moja. K. S. W.

Gadi alikaa chini bila kuambiwa.

Aprili 29, Jumatano.

Ansbert ameondolewa lawama, amepewa barua ya kurudi kazini mwezi ujao. Gadi na karani wa zamu wa Kisewe watajibu wao. Nimesikia mjane wa Marijani alikuwapo siku ya uchunguzi, mwanamke mwembamba aliyesimama karibu na mlango, nami nilidhani ni mtu aliyejificha mvua.

Mei 2, Jumamosi.

Ansbert haji mezani. Hatim anasema amechoka tu, apewe muda.

Mei 4, Jumatatu.

Nimekwenda kwake. Jovina alinikaribisha ndani, "Shikamoo baba," lakini goti halikukunjika. Ansbert alikuwa anapiga kiwi viatu vya kazi.

Nikasema nimekuja kuomba radhi. Akaendelea na kiatu mpaka kikang'aa.

"Mwalimu, ulinifundisha nisipige simu kabla sijauona mkia."

"Ndiyo."

"Barua ile uliipeleka tarehe ngapi?"

"Mosi Aprili."

"Nilikuwa nakaa hapa. Dakika kumi kwa miguu. Mosi Aprili nilikuwa hapa kutwa nzima." Akaweka kiatu chini. "Ungekuja ukaniuliza, ningekwambia ilivyokuwa taa, urefu wake kutoka chini, ilivyokuwa ikiyumba. Hakuna aliyeniuliza. Waliuliza kama niliiona. Hakuna aliyeuliza niliiona wapi."

Ni kweli. Hata siku ya kwanza, alipokuja amelowa, akasema mwenyewe: nyuma ya behewa la gadi. Nimerudi nyuma katika daftari hili, nimeisoma. Niliiandika kwa mkono wangu, nikapita.

Mei 8.

Mvua imepungua. Jua dakika chache, saa tisa.

Mei 13, Jumatano.

Mwezi wa Ramadhani unakaribia. Hatim ameshaanza kufunga, hesabu ya madhehebu yake imetangulia. Mwinshehe anangoja usiku auone mwezi. Jioni walibishana kwa furaha.

"Nyie mnafunga kwa kalenda," Mwinshehe akasema. "Sie mpaka tuuone."

"Na kukiwa na mawingu?"

"Tunangoja. Mwezi haukimbii."

Walikuwa bado wanabishana mlango ulipofunguliwa, akaingia Ansbert, amevaa viatu vilivyong'aa, kesho anarudi Mlelwe. Hakumsalimu mtu kwa jina. Alisema, "Shikamooni," kwa wote, akaenda kukaa kiti cha Kinondoni. Kiti changu. Nikahamia kwenye gunia.

Hatim akatia ufunguo, akaachia. Treni ikaingia nyuma ya saruji, ikatoka, ikapita, ikasimama. Shanga nyekundu ilikuwa inaning'inia mbele ya macho yetu. Ansbert hakusema kitu. Akainuka, akazunguka magunia, akaitazama reli yote mpaka Ubungo, akarudi, akaigeuza shanga kwa kidole kimoja.

"Mkia nimeuona," akasema, akinitazama mimi.

"Nimesikia," nikajibu, ndivyo stesheni ya nyuma inavyojibu.

Akanisogezea kikombe cha chai. Hakikuwa kimejaa, naye hakutabasamu, lakini alikisogeza.

Nafunga daftari hapa, mvua imekwisha. Wewe utakayelisoma, kuna mtu umekwisha kumtolea neno kwa habari ulizoambiwa, naye anakaa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Vaa viatu, uende leo, umwulize aliona nini, na aliona wapi.